Kuliandaa Gari la Mazda MX-5 la Zamani kwa Mashindano ya Klabu Nchini Marekani

Mwongozo huu unahusu gari dogo la Mazda MX-5 la kizazi cha kwanza, ambalo Wamarekani hulijua zaidi kwa jina la Miata na ambalo nchini Japani liliuzwa kama Eunos Roadster. Lilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Chicago mwezi wa Februari 1989, likaendelea kutengenezwa hadi 1997, na mpaka leo ndilo gari ninalomtajia mtu anayeishi Marekani na anayetaka kuingia katika mbio za ridhaa bila kuuza shamba. Ni jepesi, kwani uzito wake hauko mbali na kilo 1,000. Injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na spea zake bado zinapatikana kwa urahisi. Hata hivyo gari jipya kuliko yote katika kundi hili limekwisha kupita miaka 25, na karibu kila kazi nitakayoieleza hapa chini ni ya kurudisha kile ambacho umri umekila. Anayetafuta maelezo ya kuongeza nguvu ya injini atayapata kwa uchache sana, kwa sababu nitakazozitaja.

Kitabu cha kanuni kwanza

Kabla ya kushika spana, amua utashindana na klabu ipi na katika daraja lipi, kisha upate kitabu cha kanuni cha mwaka huu, si cha mwaka jana. Klabu kubwa ni SCCA, yaani Sports Car Club of America, iliyoanzishwa mwaka 1944, na nyingine ni NASA, yaani National Auto Sport Association, ambayo haina uhusiano wowote na watu wa roketi, ingawa jamaa zako wa nyumbani watafurahi kwa muda ukiwaambia kwamba umejiunga na NASA. Klabu zote mbili zina daraja la Spec Miata, ambamo kila gari hulazimika kutumia springi, shokapu na matairi ya aina iliyotajwa, na injini hubaki karibu sana na ilivyotoka kiwandani. SCCA pia ina madaraja ya Improved Touring, yenye uhuru zaidi kidogo, ambayo yamekuwa makazi ya magari mengi yaliyozeeka.

Kanuni ya msingi katika vitabu hivi ni kwamba jambo ambalo halikuruhusiwa kwa maandishi limekatazwa. Mgeni huona hilo kuwa ukali usio na sababu, lakini ndilo linalomlinda mfuko. Katika Spec Miata, kwa mfano, springi za mbele ni za ratili 700 kwa inchi na za nyuma ni za ratili 325, kwa hiyo mtu aliyenunua gari likiwa limekwisha kufungwa seti ya bei kubwa ya kushusha gari, akidhani amepata faida, atalazimika kuifungua yote na kuiuza kwa hasara. Nimewaona watu waliofika uwanjani na magari mazuri sana yasiyokuwa na daraja la kukimbilia. Chapisha kurasa zinazohusu daraja lako, zibandike ukutani gerejini, na kila unaponunua kifaa weka alama kwenye mstari unaokiruhusu.

Kulichagua gari

Nikisema kweli, hesabu haimpendelei mtu anayejenga mwenyewe. Gari lililokwisha kujengwa, lenye kizimba cha mabomba kinachomlinda dereva gari likipinduka na daftari rasmi la ukaguzi ambalo klabu hulitoa kwa kila gari la mbio, mara nyingi huuzwa kwa pesa pungufu kuliko jumla ya vifaa vilivyomo. Anayejenga hujenga kwa sababu anataka kulijua gari lake nati kwa nati, au kwa sababu tayari analo na analipenda, na sababu hizo zote mbili ni halali.

Magari ya 1990 hadi 1993 yalikuja Marekani na injini ya lita 1.6 yenye nguvu ya farasi 116, na yale ya 1994 hadi 1997 yakawa na lita 1.8, yakianza na farasi 128. Kuna mambo matatu ya kuangalia. La kwanza ni krenkishafti ya magari ya mwanzo kabisa, yale ya 1990 na sehemu ya 1991, ambayo pua yake, yaani ncha ya mbele inayobeba puli, ni fupi. Bolti yake ikilegea, ufunguo, yaani kile kichuma kidogo kinachoizuia puli isizunguke peke yake, huliwa pamoja na mfereji wake, puli huanza kuyumba, na taimingi ya injini huvurugika. Utaitambua kwa kuhesabu mianya iliyo kwenye puli ya krenkishafti: ikiwa ni minne, ni pua fupi, na ikiwa ni minane, ni ile iliyoboreshwa. La pili ni difu. Zile za 1.6 ni ndogo na huchoka mapema zinapobanwa kwenye kona, ilhali magari ya 1.8 yalifungwa difu kubwa zaidi, na baadhi yake yalipata ya aina ya Torsen, inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure. Wengi wenye 1.6 huihamishia kwao pale kanuni zinaporuhusu. La tatu ni geji ya presha ya oili, ambayo hadi 1994 ilikuwa ikipima kweli, lakini kuanzia 1995 mshale wake husimama mahali pamoja mradi tu kuna presha kidogo. Mwenye gari la miaka hiyo ya mwisho afunge geji halisi kabla ya siku ya kwanza ya mazoezi.

Kisha lala chini utazame kutu. Turubai la paa lina mifereji ya kutoa maji ambayo huziba kwa majani, na maji yaliyokosa njia huingia katika vizingiti vilivyo chini ya milango, hasa mbele ya magurudumu ya nyuma. Kutu ya hapo haionekani mpaka rangi itoe malengelenge. Kwa kuwa kizimba kitachomelewa karibu na sehemu hizo, gari lililooza vizingiti ni heri uliache hata kama linatolewa bure.

Kuvua na kufanya upya

Vua zulia, viti, redio, turubai na kila kitu ambacho kanuni zinaruhusu kuondolewa. Mfuko wa hewa wa usukani uondolewe baada ya betri kutenganishwa na kuachwa kwa muda, kwa sababu kiwashio chake kinaweza kubaki na umeme. Pamoja na hilo, toa kabisa mtambo wa kufunga usukani, ambao wakaguzi huutafuta kwa makusudi. Gari likiwa tupu, lisafishe kwa maji ya presha ili mvujo wowote wa baadaye uonekane.

Mfumo wa chini unaoshika magurudumu ndio wenye kazi nyingi. Bushi za mpira zilizokufa hulifanya gari libadili mwelekeo lenyewe unaposhika breki, na hakuna alaimenti inayoweza kuponya hilo. Zibadilishe zote kwa mara moja, pamoja na boljointi na tairodi zinazocheza, na ukumbuke jambo ambalo mafundi wengi wa haraka hulipuuza: bolti zinazopita katika bushi za mpira zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake, si likiwa limening’inia kwenye jeki, maana bushi iliyokazwa magurudumu yakiwa yanalewalewa itabaki imejipinda kila gari linaposhuka chini, na itachanika baada ya muda mfupi.

Habu za mbele za gari hili zina beringi zilizofungwa pamoja nazo, na matairi ya mbio huzila haraka. Zihesabu kuwa ni vifaa vya kubadilishwa mara kwa mara kama pedi, na uwe na jozi ya akiba kwenye sanduku. Badilisha pia stadi za magurudumu, kwa kuwa chuma kilichokazwa na kulegezwa kwa miaka 30 hukatika bila kuaga. Nati za magurudumu hukazwa kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kati ya Nm 88 na 118, na hukaguliwa tena kabla ya kila mbio.

Breki

Hapa ndipo ningependa msomaji apunguze mwendo. Siku yangu ya kwanza uwanjani nilikuja na pedi mpya, diski mpya na mafuta ya breki ambayo sikuyagusa kwa kuwa yalionekana masafi. Katika mzunguko wa saba, mwishoni mwa sehemu iliyonyooka, pedali ilishuka mpaka sakafuni kana kwamba nimekanyaga sponji, nikapitiliza kona, nikasimama kwenye majani nikiwa na gari zima na heshima pungufu.

Kilichotokea ni rahisi kukieleza. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani kadiri yanavyokaa, na maji hayo hushusha kiwango cha joto ambacho mafuta huanza kuchemka. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango cha chini kinachokubalika ni nyuzi 155 tu, na kalipa ya gari la mbio hufikia joto hilo bila taabu. Yakichemka huzaa mvuke, na mvuke hubanwa kwa urahisi, kwa hiyo nguvu ya mguu wako huishia kuubana mvuke badala ya kuzisukuma pistoni. Nunua mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya mbio, ambayo kiwango chake cha kuchemka hupita nyuzi 300, katika chupa ndogo zisizofunguliwa. Usichanganye kamwe na DOT 5, ambayo ni ya silikoni na haipatani na nyingine.

Mfumo mzima uoshwe kwa mafuta mapya, na upepo utolewe kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Zingatia kwamba masta silinda ya zamani inaweza kufa siku hiyohiyo, kwa sababu ukikanyaga pedali mpaka mwisho, mipira ya pistoni hupita katika sehemu ya silinda ambayo haikuguswa kwa miaka mingi na ambayo imejaa kutu. Mimi siku hizi naibadilisha bila kujiuliza. Hosi za mpira zibadilishwe kwa zile zilizosukwa kwa nyuzi za chuma ikiwa daraja lako linaruhusu, na pini ambazo kalipa huteleza juu yake zisafishwe na kupakwa grisi inayostahimili joto, kwani pini iliyokwama huifanya pedi moja iliwe yote huku mwenzake ikiwa nzima. Pedi ziwe za mbio. Za barabarani hazifai hata kwa mazoezi.

Baada ya kila kipindi uwanjani, endesha mzunguko mmoja polepole bila kugusa breki, ukifika kwenye maegesho usivute hendibreki, bali weka kipande cha mbao chini ya gurudumu. Diski yenye moto iliyobanwa mahali pamoja huharibika na kuanza kutetemesha usukani.

Injini na upozaji

Gari la mbio la daraja hili haliharibiki kwa kukosa nguvu, huharibika kwa kuchemsha. Rejeta ya asili ina matangi ya plastiki nyeusi ambayo, yakikaribia kupasuka, hugeuka rangi kuwa ya kahawia au kijani-kahawia. Ukiiona rangi hiyo, usibahatishe. Badilisha rejeta, mipira yote ya maji, themostati na kifuniko. Hakikisha bamba la plastiki lililo chini ya pua ya gari lipo, kwa sababu ndilo linaloilazimisha hewa ipite katika rejeta. Wamiliki wengi wamelitupa baada ya kuligonga mahali, kisha wakashangaa gari linachemsha likiwa kwenye kasi.

Pima kompresheni ya silinda zote nne, na ikiwa zinakaribiana, iache injini ilivyo. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila maili 60,000 kwa matumizi ya kawaida, na kwa gari ambalo historia yake haijulikani hubadilishwa leo. Pampu ya maji huendeshwa na mkanda wa nje, lakini kuifungua kunahitaji kuondoa vifuniko vya taimingi, hivyo vifanyike kwa pamoja, pamoja na sili za mbele. Klachi ya gari hili husumbuliwa zaidi na silinda yake ndogo ya chini, inayovuja, kuliko diski yenyewe. Oili ibadilishwe kila baada ya wikendi moja au mbili za mbio, na kiwango chake kikaguliwe kila gari linaporudi. Zaidi ya hapo sina la kuongeza kuhusu injini. Wazee wetu waliosimama kando ya njia za Safari Rally waliona gari la michezo, Datsun 240Z, likishinda mwaka 1971 na tena 1973, na katika mbio zile kilichoshinda ni gari lililofika.

Kizimba na mwili wa dereva

Kizimba cha mabomba kisijengwe kwa kukisia. Chini ya kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, tao kuu lililo nyuma ya dereva hutengenezwa kwa bomba lisilo na mshono, lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0, na mabomba mengine yakiwa 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. SCCA nayo ina jedwali lake linalofuata uzito wa gari. Fuata jedwali la klabu yako, na uweke risiti ya mabomba. Tao kuu liwe bomba moja lililokunjwa, bila kiungo katikati, na miguu yake isimame juu ya mabamba ya chuma yaliyochomelewa sakafuni. Mkaguzi atataka kuona tundu dogo la karibu milimita 5 lililotobolewa katika bomba ili apime unene wake, kwa hiyo usilizibe kwa rangi.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kuchomelea kizimba kabla kiti hakijafungwa. MX-5 ni gari finyu, na mtu mrefu akivaa kofia hujikuta kichwa kimepita juu ya bomba. Funga kiti kwanza, kaa ukiwa umevaa kofia na mikanda, mwambie rafiki alaze ufito juu yako kutoka mahali litakapokuwa tao kuu hadi mbele, na kofia ibaki chini ya ufito kwa angalau inchi mbili. Ikishindikana, kiti kishushwe. Mahali popote kofia inapoweza kugusa bomba pafungwe sponji ngumu iliyothibitishwa kwa kazi hiyo, kwani ile laini ya mabomba ya maji haisaidii kitu.

Mikanda ina tarehe ya kufa. Yenye lebo ya SFI, shirika la Marekani linaloweka viwango vya vifaa vya mbio, huhesabiwa umri tangu kutengenezwa, na ya FIA imeandikwa mwaka wa mwisho wa matumizi. Mkaguzi atasoma lebo kabla hajatazama kitu kingine. Mkanda wa kiunoni ulale juu ya mifupa ya nyonga, usipande tumboni, na ile ya mabegani irudi nyuma ikiwa karibu na ulalo. Kofia iwe na lebo ya Snell, taasisi inayopima kofia, yenye herufi SA, inayopimwa dhidi ya moto na dhidi ya kugongwa kwenye bomba, si ile ya pikipiki yenye herufi M. Kifaa cha kuzuia shingo, chenye lebo ya SFI 38.1 au FIA 8858, kinunuliwe kabla ya matairi.

Swichi kuu ya umeme hukosewa na wengi. Ikiwa itakata betri peke yake, alteneta inaweza kuendelea kuilisha injini, nayo itaendelea kuunguruma huku waokoaji wakidhani wameizima. Tumia swichi inayokata pia mzunguko wa alteneta, kisha uijaribu injini ikiwa kwenye mzunguko wa juu: lazima ife papo hapo. Kizima moto kifungwe kwa bolti mahali ambapo mkono wa dereva aliyefungwa mikanda unafika. Jaribu kukifikia ukiwa umefumba macho.

Matairi, mizani na siku ya ukaguzi

Pima uzito wa kila gurudumu ukiwa umekaa ndani, au mtu wa uzito wako akiwa ndani, na urekebishe urefu wa springi mpaka jumla ya gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kulia iwe karibu na nusu ya uzito wote. Mwinamo wa magurudumu ya mbele kuelekea ndani huwekwa karibu nyuzi 3 kwa matairi ya mbio. Upepo wa matairi upimwe yakiwa ya moto, mara tu unapotoka uwanjani, na uandikwe.

Dereva mpya hupimwa afya na kupitia shule ya klabu kabla ya kupewa leseni. Kwa gari, ningeshauri siku moja kamili ya mazoezi yasiyo ya mashindano kabla ya kulipeleka kwa mkaguzi. Siku hiyo uwe na kopo dogo la rangi nyeupe, na kila bolti iliyokazwa kwa toki ichorwe mstari unaovuka kutoka kichwani mwake hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Kila unaporudi, zunguka gari na tochi ukitazama mistari hiyo, na pale mstari utakapokuwa umevunjika, fungua, safisha nyuzi, kaza upya, na uandike katika daftari bolti ni ipi na ililegea baada ya mizunguko mingapi.